Hadi Chuma Kizima

Sisi tuliojifunza ufundi wa magari hapa Thika katika miaka ya mwanzo ya Uhuru tumebaki wachache, na kila baridi ya Julai inapopita tunapungua tena. Wengi wetu tulizaliwa kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, tukakulia katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, kisha tukashuka mjini, baina ya mto Chania na mto Thika, tukiwa vijana wa kaptura wanaotafuta mtu wa kuwashikisha spana. Kwa kuwa nimejaliwa umri ambao wenzangu wengi hawakuufikia, nitasema kwa niaba yao. Kinachonisukuma ni gari lililoinuliwa juu ya magogo nyuma ya nyumba yangu: gari wazi la zamani, la paa la turubai linalokunjwa, lililoliwa na kutu pande zote, ambalo ninalifufua polepole kwa kadiri ya nguvu zangu. Vijana wanaopita njiani husimama, wakanisalimu kwa adabu, wakauliza, "Guka," yaani babu, "kwa pesa hizi si ungejinunulia gari zima?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni refu kuliko salamu za langoni.

Gari lenyewe ni Triumph Herald 1200. Kampuni ya Standard-Triumph ya Coventry, Uingereza, iliizindua Herald mwaka 1959, ikatoa ya paa la turubai mwaka 1960, na mwaka uliofuata ikaitia injini ya sentimita za ujazo 1,147. Umbo lake lilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Michelotti, na kabla ya kuuzwa magari ya majaribio yaliendeshwa kutoka Cape Town hadi Tangier, Afrika nzima kutoka kusini hadi kaskazini. Lakini kinachonivutia mimi ni sababu ya gari hili kuundwa jinsi lilivyoundwa. Wakati huo watengenezaji wengi walikuwa wameiacha chesisi, wakawa wanajenga bodi moja inayojibeba yenyewe. Triumph hawakuweza kuwafuata. Kiwanda cha Fisher & Ludlow, walichokitegemea kwa kukanda mabati ya bodi, kilikuwa kimenunuliwa na mshindani wao, BMC, na wao hawakuwa na mashine kubwa za kufanya kazi hiyo. Basi wakarudi kwenye chesisi, wakaigawanya bodi katika vipande ambavyo viwanda vidogo vingeweza kuvitengeneza kila kimoja mahali pake, kisha wakavifunga pamoja kwa bolti. Kwa hiyo Herald ni zao la uhaba. Watu walikosa, wakakaa chini wakafikiri, na kwa sababu walifikiri vizuri, mtu asiye na gereji, mwenye jeki na magogo tu, anaweza kuifungua bolti kwa bolti zaidi ya miaka sitini baadaye. Boneti lake hufunguka kuelekea mbele pamoja na mabawa yote mawili, injini ikabaki wazi kabisa, na fundi akaketi juu ya gurudumu akifanya kazi. Mzigo unabebwa na chesisi, ndiyo maana lilipoondolewa paa halikudhoofika kama magari mengine.

Lilifikaje kwetu? Kati ya Ruiru na Thika, mahali ambapo leo pana nyumba za kupanga na maduka ya vifaa vya ujenzi, palikuwa na kahawa tupu, shamba likipakana na shamba. Wenye mashamba walikuwa na magari ya kazi, na baadhi yao walikuwa na gari la Jumapili. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi waliuza wakaondoka, na watu wetu wakachanga shilingi, wakaunda makampuni ya kununua ardhi na kujigawia hisa. Aliyenunua shamba alinunua na vilivyomo: mashine za kumenya kahawa, mabomba, na chochote kilichoachwa ghalani. Herald hii ilikuwa ghalani. Haikuwa na thamani kwa wenye hisa, maana haibebi gunia wala haivuki tope la Aprili. Matairi yalikatwa yakawa viatu vya akala, viti vikahamia kwa bawabu, na kuku wakapata mahali pa kutagia. Siwalaumu. Walikuwa wakitafuta ardhi ya kuzika kitovu, si gari la kuchezea upepo. Lakini sisi vijana wa gereji tuliyajua magari ya namna hiyo kwa njia nyingine. Tulikuwa tumeyaosha. Tulikuwa tumeyang'arisha kromi kwa kitambaa hadi tujione sura, na hakuna aliyetuambia tukae ndani. Leo mikono ileile inalivua bati lililooza na kulivika jipya, na kila ninapolifanyia kazi nakumbuka kuwa wengi waliolistahili zaidi hawakuishi kuliketia.

Ufundi tuliupata kwa kusimama karibu na mtu. Katika gereji nyingi za Thika na Nairobi mtu huyo alikuwa Kalasinga, mkali wa macho, asiyesema neno mara mbili. Kazi ya miezi ya kwanza ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kuvipanga juu ya gunia kwa utaratibu uleule vilivyotoka. Sababu hatukuambiwa. Tuliielewa siku tulipoletewa giaboksi iliyofunguliwa na mtu mwingine na kutiwa ndani ya ndoo. Kisha ukaja mtihani wa ufundi wa serikali, gredi ya 3, halafu ya 2, na mwisho ya 1. Unapewa kipande cha chuma, tupa na rula, unaambiwa ukichonge kiingie katika kipande kingine mwanga usipenye katikati. Hakuna mashine ya kukusaidia, na msimamizi anakiinua kipande chako kuelekea dirishani mbele ya wenzako. Aliyefaulu alirudi nyumbani na cheti kilichoheshimiwa kama hati ya shamba.

Halafu uhaba ukatufundisha yaliyobaki. Serikali ilidhibiti fedha za kigeni, na kuagiza spea kulihitaji leseni. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kungoja spea kukawa sehemu ya kazi kama kunawa mikono. Gari la mwalimu haliwezi kungoja meli. Bushi ikiisha tuliichonga upya kwa shaba. Gasketi tuliikata kwa karatasi ngumu, tukiilaza juu ya injini na kuigonga kwa nyundo ya kichwa cha duara mpaka ukingo wa chuma wenyewe ulikate umbo. Bati la pipa la mafuta likawa sakafu ya pikapu, na kipande cha reli kikawa fuawe. Nasikia siku hizi watu wakisimulia hayo kama werevu wa kimaskini, jambo la kuonewa huruma. Haukuwa hivyo. Kuchonga bushi kunamlazimu mtu ajue inabeba uzito gani, inazunguka kwa kasi ipi, inapakwa mafuta na nini. Anayeitoa katika kasha halazimiki kuyajua hayo.

Na mji wenyewe ulikuwa ukijengeka kwa chuma. Mwaka 1974 iliundwa Leyland Kenya, na kiwanda chake kikasimama hapa Thika, kikiunganisha Land Rover, malori, mabasi na Kombi za Volkswagen. Tangu 1989 kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Leyland wenyewe wa Uingereza ndio walioinunua Standard-Triumph mwaka 1961. Kwa hiyo gari lililoletwa kwa meli na mwenye kahawa na kiwanda kilichowaajiri watoto wa vibarua wa kahawa vina ukoo mmoja, nami hilo hunipa faraja kila niinamapo juu ya injini hii. Wenzangu walioingia pale walijifunza kazi ya msururu, ambapo gari hukujia na wewe unafunga sehemu yako. Sisi tuliobaki gerejini tulijifunza gari zima. Tulibishana sana jioni kuhusu nani fundi zaidi. Walikuwa watu makini, na mabasi waliyoyaunganisha ndiyo yaliyotupeleka kuwazika wazazi wetu.

Tulikuwa pia na watu wa kuwatazama. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally katika Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imekimbia mashindano hayo mwaka uliotangulia. Gari lililochoka, lililotengenezwa upya na mtu aliyelijua hadi skrubu ya mwisho, likayashinda magari mapya ya makampuni ya Ulaya. Alishinda tena 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer. Kwetu sisi ushindi wa kwanza ulikuwa mkubwa kuliko ile mingine miwili, kwa sababu ulithibitisha jambo tulilolihisi lakini hatukuthubutu kulisema mbele ya wateja: kwamba matengenezo mazuri hulipa gari uhai wa pili, wala si pumzi ya kuazima.

Leo hali ni nyingine, na sisemi kwamba ni mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 leseni za uagizaji ziliondolewa, na magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kumiminika Mombasa. Sheria inataka gari lisizidi miaka minane tangu litengenezwe. Barabara tuliyokuwa tukiisafiri kutoka Nairobi kwa kuhesabu mashimo ilifunguliwa mwaka 2012 ikiwa na njia nane na zaidi, na kijana wa mitaa ya Kimbo au Membley anaweza kumiliki gari akiwa na umri ambao sisi tulikuwa tunaosha bushi. Fundi wa sasa huchomeka kifaa chini ya usukani, kompyuta ikamtajia ugonjwa. Anapaswa kuzifahamu injini zaidi ya tulizozifahamu maishani, na mteja wake anampigia simu kila saa. Mzigo huo ni mzito, nami nauheshimu. Lakini taa ya gari la sasa haifunguliwi, hubadilishwa nzima. Pampu haifunguliwi. Mlango uliobonyea hutafutwa mwingine wa rangi ileile katika Kirinyaga Road, Nairobi. Hofu yangu ni moja: kazi ya kubadilisha haimfundishi mtu mahali kitu kilipoanzia kuharibika. Anaweza kufika utu uzima akiwa hodari wa kuondoa na kuweka, bila kuwahi kulifuata tatizo hadi kwenye mzizi wake.

Kutu ndiyo inayomlazimisha mtu kuufuata mzizi. Thika iko takriban mita 1,500 juu ya bahari. Hatuna chumvi ya upepo kama ya Mombasa, wala hatumwagi chumvi barabarani kama wanavyofanya Waingereza wakati wa theluji, na ndiyo sababu magari ya zamani ya bara hili la juu hudumu kuliko ndugu zao walikotoka. Hapa adui ni udongo wetu wenyewe mwekundu. Gurudumu huurusha juu, ukajipakia katika mikono ya chesisi na nyuma ya matao ya magurudumu, ukakauka kwa nje na kubaki na unyevu ndani mwezi hata mwezi. Paa la turubai likipasuka, mvua huingia sakafuni, zulia la ndani likanyonya maji na kuyakumbatia juu ya bati. Kwa hiyo bati huliwa kutoka upande usioonekana. Rangi inapoanza kuvimba nje, upande wa pili ulikwisha zamani.

Kazi huanza kwa sikio. Unagonga bati kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua: zima hulia, bovu hunyamaza. Pale lilipolia unaweka alama ya chaki, kisha unakata kutoka alama hiyo, si kutoka pale tundu lilipoonekana. Tundu la ukubwa wa shilingi huweza kudai kipande cha ukubwa wa sinia, na moyo wa mwenye gari husinyaa akiliona. Hapo ndipo kizazi chetu kilipopimwa. Njia ya mkato ilikuwapo hata wakati ule: ziba kwa puti, piga msasa, puliza rangi, mpokeze mtu gari linalong'aa. Mvua za masika zikifika puti hunyonya maji, likadondoka kama kigaga, na kutu iliyofunikwa huwa imekula maradufu. Sidai kwamba wote tulikuwa waaminifu. Nasema mji ulikuwa mdogo, mteja alipita mlangoni pako kila asubuhi akienda kazini, na jina la fundi lilikuwa mali yake ya pekee. Tuliikata kutu hadi chuma kizima kwa sababu hatukuwa na mahali pa kujificha, na baada ya miaka mingi ya kufanya hivyo ikawa ndiyo tabia yetu.

Kwa vipande vidogo vinavyofunguka, bawaba, mabano, fremu ya paa, natumia njia mbili ambazo kila kijana anaweza kuzifuata kwa gharama ndogo. Ya kwanza ni molasi, ileile wanayonunua wafugaji wa ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji ndani ya pipa la plastiki, tumbukiza chuma, kisha kiache wiki mbili hadi tatu. Kutu huachia yenyewe, na chuma kizima hubaki karibu kama kilivyokuwa. Aluminiamu usiitie humo, italiwa. Njia ya pili ni magadi. Yayeyushe ndani ya maji, ning'iniza kipande chako kikiwa kimefungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri, na kwenye waya chanya fungia chuma chakavu cha kawaida. Vipande hivyo visigusane. Baada ya saa chache kutu hulainika, ukaisugua kwa brashi. Ifanye kazi hii nje penye upepo, kwa maana hutoa gesi inayoshika moto, na kamwe usitumie stenlesi kwenye waya chanya, hutoa sumu. Kikishatoka, kioshe, kikaushe kabisa juani, na ukipake praima siku hiyohiyo. Chuma kilichovuliwa kutu hakina kinga hata dhidi ya umande wa usiku mmoja.

Sakafu ndiyo kazi kubwa. Kabla ya kukata chochote nilichomelea mabomba katika nafasi za milango, kwa sababu, ingawa mzigo unabebwa na chesisi, bodi isiyo na paa ikikatwa sakafu bila kushikiliwa huweza kupinda, na milango isifunge tena sawasawa. Bati jipya ni la geji 20. Mabati ya kuezekea nyumba hayafai, ni mepesi mno, na ile zinki yake ikichomwa moshi humtia fundi homa. Anayechomelea si mimi, macho yangu yameshamaliza zamu yao. Ni msichana anayesomea ufundi katika chuo cha hapa mjini, anayekuja Jumamosi kwa hiari yake. Sisi tulichomelea kwa gesi ya oksijeni na asetilini, joto likatapakaa, bati likapinda, nasi tukashinda siku nzima tukilinyoosha kwa nyundo. Yeye anatumia mashine ya waya, anatia doa hapa, anahamia kule, anarudi, bati likabaki limelala kama lilivyokatwa. Nimeishi na vyuma maisha yangu yote, na ninakiri kwa furaha kwamba mshono wake ni bora kuliko wetu. Siku ya kwanza aliuliza, "Guka, mbona tunakata hadi hapa, na hapa bado pana chuma?" Nikampa nyundo asikilize mwenyewe. Aligonga, akanyamaza, akachukua chaki akaisogeza alama mbele zaidi ya pale nilipokuwa nimeiweka mimi. Alikuwa sahihi. Naona elimu yake ya chuoni na sikio alilolipata hapa vitakapokutana, atakuwa fundi wa kiwango ambacho gereji zetu hazikuwahi kuwa nacho.

Paa litashonwa na mafundi wanaoshona maturubai ya malori na viti vya matatu. Wanayo mashine, wanao uzi, na hawahitaji kufundishwa kazi yao. Rangi itakuwa ya mwisho. Rafiki zangu huniuliza kama nitalipeleka Nairobi kwenye Concours d'Elegance, mashindano yanayoandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo kwa miongo mingi sasa, ambako waamuzi huinama wakatazama hadi tumbo la gari. Ningependa lionekane pale, kwa ajili ya wenzangu. Katika miaka yao ya nguvu mafundi wa Thika waliyaandaa magari ya watu wengine kwa mashindano kama hayo, wakabaki nje ya ua wakisikiliza makofi. Lakini hata nisipofika huko, kazi haijapungua thamani.

Ombi langu ni kwa familia zilizo na gari la namna hii chini ya mparachichi au nyuma ya zizi, liwe Herald, Morris Minor, Peugeot 404 au Land Rover ya paa la turubai. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi michache kwa sababu ya wizi wa nyaya na nguzo za umeme, kisha ikairuhusu tena. Wanunuzi wa kilo wamerudi wakipita mashambani na mizani zao, na gari ambalo halizalishwi tena popote duniani huondoka kwa bei ya mbuzi. Kabla ya kukubali, tafuteni logibuku yake kwenye sanduku la mzee, lihamisheni gari kutoka mahali penye unyevu, chokoeni udongo wote mwekundu chini yake, tieni oili kidogo katika matundu ya plagi ili injini isigande. Kwa mwenye Herald nina neno la ziada: ungio la chini la magurudumu ya mbele hutiwa oili nzito ya giaboksi, si grisi, wengi wametia grisi na gurudumu likakatika njiani. Na kijana anayetaka kuona kazi hii kwa macho yake, sakafu ya upande wa kushoto bado haijafungwa. Tunaianza Jumamosi asubuhi, umande ukishakauka. Aje na glavu.